Siku Niliyoadhini Kabla ya Jua Kutua

Kisauni, baada ya Alasiri

Zuhura mwanangu,

Mamako amelikalia sanduku lako ili lifungike, nami kutoka hapa chumbani namsikia akilisemesha kana kwamba lina masikio. Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani, ya nani umwamkie na nani umpite, yeye ameshayamaliza, na mimi sitayarudia. Ukifika huko bara ukasahau nusu yake hutakuwa wa kwanza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka kwa miaka saba, na leo nimekosa pa kuzungukia, kwa sababu kesho unaondoka.

Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu nilizokufunza mwenyewe. Hizo za shuleni mkono wangu hauzipendi, na tena sitaki msichana wa kitanda cha pili huko chuoni aisome barua hii juu ya bega lako. Uifungue treni ikishaondoka. Nje, barazani, wanaume wanabishana juu ya bendera ya Sultani, na mwambao utakuwa wa nani mwaka huu ukiisha. Siku nyingine ningekuwa kati yao, na sauti yangu ingekuwa juu kuliko zao. Leo wabishane bila mimi.

Jambo lenyewe ni la siku ile ya Ramadhani, ulipokuwa na miaka kumi. Ni kama nakuona unavyokunja uso. Vumilia. Siwezi kukueleza nililokufanyia mpaka nikueleze kwanza nilivyokuwa, na nilivyokuwa hujapata kuambiwa na mtu. Ulikuwa mtoto, na watoto huambiwa "baba hajisikii vizuri," wakapewa ndizi, wakatolewa nje.

Mimi nina maradhi ya moyo. Sisemi moyo huu unaopiga. Huo ni mzima, daktari aliusikiliza akasema nitamzika yeye. Nasema ule moyo unaofurahi na kuhuzunika. Wa kwangu haukai mahali pake. Hupanda ukakaa juu kwa wiki kadhaa, kisha hushuka ukakaa chini kwa muda mrefu zaidi. Watu huona kupanda na kushuka huko, wakasema Bakari leo amechangamka, Bakari leo amenuna. Wasichokiona ni wakati. Moyo wangu ukipanda au ukishuka, huuchukua wakati pamoja nao. Hilo ndilo lililoniponza, na ndilo ninalotaka ulijue kabla hujawa peke yako.

Mwaka ule ulianza kwa kupanda. Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Kwa kawaida kushona kofia moja hunichukua wiki tatu, tundu baada ya tundu, kama kazi ile inavyotaka. Mwezi ule nilianza kofia tano kwa pamoja na sikumaliza hata moja. Nilibomoa ukingo wa birika la msikiti nikasema nitaujenga upya mwenyewe kabla ya mwezi kuandama, na kila aliyenishauri nende taratibu nilimwona mvivu. Nilikuwa nikikaa baada ya Alfajiri kufanya jambo dogo, nikiinua kichwa ni Adhuhuri, na mimi nahisi sijakaa hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Watu nao niliwaona wazito. Walitembea polepole, walisema polepole. Mtu akianza kunieleza jambo, mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wake na namngojea kwa hasira. Nilihisi siku zinanikimbia, na kwamba yote lazima yafanywe leo.

Wewe nilikukalisha mkekani nikataka uhifadhi juzuu nzima kwa siku mbili. Ulikuwa ukisoma vizuri. Nilikupiga kofi kwa kuwa ulimi wako ulikuwa mzito, na kwa jina la Mungu niliamini kwamba ni mzito. Ulimi wako haukuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa mbio.

Kisha Ramadhani iliandama, na katika siku zake za mwanzo nikaanguka. Mwili ulikuwa umesimama kama kawaida. Lakini nilikaa kula daku nikaona mkono hautaki kwenda kwenye sahani. Haukuuma. Sikuona tu sababu ya kuupeleka kule na kuurudisha; njia ile ilikuwa ndefu. Mamako aliniuliza kama chakula kina chumvi nyingi. Nilisema ndiyo, kwa sababu ndilo lililokuwa jibu fupi.

Wasiowahi kufika huko hudhani ni huzuni. Huzuni naijua, nilimzika mamangu. Huzuni huwa na mahali inapoelekea, na baada ya siku nyingi unajikuta umecheka bila kukusudia. Hii haikuelekea popote, kwa kuwa wakati wenyewe ulisimama. Nilisali Adhuhuri nikakaa kungojea Alasiri, na kati ya sala mbili hizo nilihisi imepita wiki. Nilitazama tone la maji likikusanyika kwenye ukingo wa paa, likining'inia, na nikachoka kulingojea lianguke. Mamako akiniuliza jambo, maneno yake yalinifikia moja moja, na kabla sijapata la kujibu alikuwa ameshakata tamaa akarudi jikoni. Na lililo baya kuliko yote, kesho haikuwako. Sisemi niliiogopa. Nilijaribu kuifikiria nikakuta ukuta. Jana nayo ilikuwa hivyo hivyo. Nilitafuta siku moja niliyokuwa mzima, sikuipata, nikawa na hakika kwamba sijapata kuwa mzima maishani, na kwamba yule mtu wa Shaabani aliyekuwa akikimbia alikuwa mwingine.

Utauliza mbona sikumwambia mtu. Mimi ni mwadhini, Zuhura. Watu wa mtaa huu huamka, hula na hufunga kwa sauti yangu. Mwadhini akisema hajui tena saa, atabaki na kazi gani? Nilinyamaza kwa hofu, na kwa kiburi pia, maana nilijiona siwezi kuukosea wakati hata nikiwa hoi.

Siku ile mvua ilianza kabla ya Adhuhuri, mvua ya masika isiyo na haraka, na mawingu yalikaa chini hata hujui jua liko upande gani. Msikitini tulikuwa na saa ya ukutani, na kuitia ufunguo kila Ijumaa ilikuwa kazi yangu. Ijumaa iliyotangulia niliushika ufunguo, nikautazama, nikaurudisha mahali pake. Basi saa ilisimama siku ile ile ya mvua, mchana, na sikumwambia mtu. Nilijiambia nimeadhini miaka kumi na mmoja, nitajua tu.

Tulipokwisha kusali Alasiri watu walitawanyika kwenda kutazama futari zao. Nilibaki mimi, na wewe uliyekuwa umeleta kikapu cha tende, ukakaa ngazini pa kuingilia ukijifunika upande wa kanga. Niliegemea nguzo nikangoja. Nilingoja mpaka nikaona Magharibi imepita, Isha imepita, na watu wamekaa na njaa majumbani wakingojea sauti ya mtu aliyelala. Nijuavyo leo, haikuwa imepita hata saa moja tangu tutoe salamu ya Alasiri.

"Zuhura!"

"Abee, baba."

"Hebu tazama huko nyuma, uniambie kama jua lishatua."

Ulizunguka msikiti ukarudi maji yanakuchuruzika usoni. "Bado, baba. Kungali na mwangaza. Kuku wa kina Mwanasiti wangali nje."

Nilikaa tena muda ambao kwangu ulitosha mtu kwenda Malindi na kurudi, nikakutuma mara ya pili. "Bado, baba. Kuku hawajaingia." Mara ya tatu hukwenda hata kutazama. Ulisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa: "Bado kabisa, baba. Si mumetoka kusali sasa hivi?"

Sasa hivi! Neno hilo nililiona dhihaka. Mimi nimekaa pale usiku kucha, nimezeeka pale chini ya nguzo, na mtoto ananiambia sasa hivi. Nikasimama, nikaenda mahali pangu, nikatia vidole masikioni, nikaadhini.

Sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Unajua watu wetu. Katika nyumba nyingi vyungu vilikuwa bado motoni, na hakuna mwanamke aliyesema mwadhini amewahi. Walijilaumu wenyewe kwa kuchelewa. Waliteremsha uji haujaiva vizuri, wakafungua kwa tende na maji. Mtaa mzima ulifuturu. Na ndipo, kama kwamba limengojea, wingu likapasuka upande wa magharibi na jua likatoka, jeupe, kubwa, liko juu ya minazi kabisa. Niliona kivuli cha nguzo kimelala sakafuni mbele yangu. Nilikitazama bila kuelewa ni kitu gani.

Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wa mbele alikuwa Mzee Shee, wa nyumba ya tatu. Alikuwa na kifua kibaya mwaka ule, wanawe walimkataza kufunga, naye akafunga kwa kuwaficha, kwa kuwa aliona huenda ikawa Ramadhani yake ya mwisho. Alikuja na tende mkononi, nusu imeumwa. Alikuwa analia. Mzee mzima, mwenye heshima yake, analia mbele ya watu kwa sababu siku yake imeharibika na hajui kama atajaliwa kuifunga upya.

"Bakari," alisema, "ni nini hili ulilotufanyia?"

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi wakati ulinijia sawasawa, nikaona macho yao yote, nikaona vizuri ninachokaribia kupoteza. Nikanyoosha kidole ngazini. Nikasema, "Nimemtuma mtoto atazame. Ameniambia jua limetua."

Ulikuwa umekishika kikapu kwa mikono miwili. Ulinitazama mimi, hukuwatazama wao, na uso wako haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka. Mzee Shee akakugeukia, akayanyooshea kidole macho yako: "We mwana, huna mato?" Nami nikanyamaza.

Hilo ndilo, mwanangu. Ulitumwa mara tatu, mara tatu ulisema kweli, na mimi nikakupa uongo wangu uubebe.

Watoto wa mtaa walikufanyia walilokufanyia. Ulikuwa ukipita na ndoo, wakikuimbia "Jua limetua! Jua limetua!" mchana kweupe, wakicheka. Niliwasikia nikiwa kitandani. Mimi nilikuwa nimezama zaidi, sikutoka tena hata kwa sala ya Idi, mpaka mjombako akanichukua kwa teksi kwenda hospitali ya upande wa Changamwe. Ukaambiwa baba amekwenda kutibiwa homa.

Kule kulikuwa na dresa mmoja wa kuhudumia wagonjwa, Kioko, mtu wa bara, Mkristo, ana mikono mikubwa na Kiswahili cha kukatakata. Siku moja nilimwuliza nimekaa pale miaka mingapi. Sikuwa nafanya mzaha. Alinitazama, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, ni siku tisa."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia mengi mabaya, na mimi najua kusema mabaya kwa ufasaha. Alingoja nikamaliza. "Sawa," akasema. "Lakini ni siku tisa. Kila asubuhi mimi nitaleta chai, nitakuambia leo ni siku gani. Wewe usibishane na mimi. Hata kama moyo yako inasema ni mwaka, wewe shika ile yangu."

Ndivyo alivyofanya. Jumanne, mzee. Jumatano, mzee. Mimi sikumwamini hata siku moja. Lakini sikubishana naye, na naona sasa kwamba kutobishana kulitosha.

Nikuandikie na hili, ingawa mamako akilijua atanilaumu. Nilitamani kufa kule. Sikuwa na ugomvi na maisha. Nilichotaka ni kungojea kuishe. Mtu akiamini kwamba saa ile moja haitapita milele, huona hana kingine cha kufanya. Nilimwambia Kioko, kwa sababu alikuwa mgeni na nilidhani sitamwona tena. Hakushtuka wala hakunihubiria. Alihamisha kitanda changu kikawa karibu na mlango wa chumba chao, akawaambia wenzake, na wakawa wanapita mara kwa mara kuniuliza mambo ya kipuuzi, kama kofia hushonwaje. Kisha asubuhi moja aliniletea chai ikawa moto sana. Niliiweka chini ipoe, nikatazama dirishani kidogo, na nilipoinua kikombe ilikuwa imeshapoa. Nilikaa na kikombe mkononi nikatokwa na machozi. Chai ilikuwa imepoa upesi, Zuhura. Nilimwuliza Kioko siku ngapi. "Arubaini na moja," akasema, na safari hii nilimwamini.

Nilirudi nyumbani nikakuta nimesamehewa. Lielewe hilo vizuri, kwa kuwa ndilo lililonifunga mdomo. Watu walikuwa wameketi wakasema Maalim Bakari alikuwa mgonjwa siku ile, alimtegemea mtoto, mtoto akakosea. Wakanirudishia adhana. Kama ningesema kweli ningeipoteza. Nilijiambia wewe ni mdogo, utasahau, na kwamba watoto hawana kumbukumbu ndefu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe.

Siku moja nilikuwa uani nikasikia mamako anakuuliza jikoni. Alikuwa na shaka muda mrefu, mamako si mjinga. "Zuhura, mwanangu, kweli ulimwambia babako jua limetua?" Nilisimama. Niliomba useme hapana. Wallahi niliomba useme, kwa kuwa mimi nilishindwa. Ukasema: "Labda nilisema, mama."

Labda nilisema. Tangu siku ile nimekutazama, na nimeona. Mwalimu wako alilalamika kwamba hujibu swali mpaka uchungulie daftari la jirani, na jibu lako ndilo lililo sahihi. Ukitumwa dukani unarudi mlangoni kuuliza tena. Wenzako wanaona ni adabu. Mimi najua ni nini. Nilikufunza kwamba macho yako hayafai kuaminiwa, na nilikufunza kwa kukudhulumu.

Ningelificha hili kaburini kama si jambo la mwaka jana. Baada ya mtihani ulilala chumbani, mamako akasema ni uchovu wa kusoma. Nilikuletea uji. Uliniuliza, uso ukiwa ukutani, "Baba, leo bado ni Jumatatu?" Nikasema ndiyo, ni Jumatatu. Ukasema, "Imekuwa Jumatatu tangu lini?" Hukutaka jibu. Niliweka bakuli sakafuni nikatoka nje, nikaenda kukaa nyuma ya choo pasipo na mtu, nikalia.

Sisemi kwamba umeyarithi. Sijui, na hata Kioko nilipomwuliza kama hupita kwa damu alisema mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana. Huenda ilikuwa uchovu kweli. Ulipona kwa wiki tatu, ukaamka siku moja ukaanza kumtania mamako juu ya wali wake. Lakini huko uendako hakuna atakayekujua uso, na naogopa. Naogopa sana, mwanangu. Jumatatu ile ikikurudia nawe uko peke yako kwenye kitanda cha chuma, huna wa kukwambia kwamba nayo itakwisha.

Basi nakwambia mimi. Ikija, itakuambia kwamba ni milele. Mimi nimeshakaa ndani ya milele hiyo mara nne, na mara zote nne nimetoka. Nikiwa ndani sikupata kuona mlango, hata safari ya nne niliyokwenda nikijua kwamba upo. Usingojee kuuona. Tafuta mapema mtu mmoja mwenye akili iliyotulia, awe mwalimu, awe mpishi, dini yake si kitu, umwambie ungali mzima: siku nikikuuliza leo ni siku gani, niambie, na nikikubishia usinisikilize. Na kama moyo utakushauri uumalize ungojeaji kwa mkono wako, mwambie mtu huyo saa ile ile, hata kama anakula, hata kama hamjaamkiana vizuri. Kisha nitumie simu ya maandishi, maneno mawili tu, na mimi nitapanda treni. Sitauliza kwa nini.

Na ikija ile nyingine, ya mbio, ambayo ni tamu na kwa hiyo hatuiogopi, utaijua kwa watu. Ukiona dunia nzima imekuwa nzito kwa siku tatu, mwalimu mzito, rafiki mzito, chakula hakiivi, ujue si dunia. Usimkubalie mtu posa siku hizo, usimvunjie mtu urafiki, usianze kofia tano.

Lakini usichanganye, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Siku ile kilichodanganya kilikuwa moyo wangu. Macho hayakudanganya. Macho yalikuwa yako na yalikuwa mazima. Ulikwenda ukatazama, ukaona mwangaza, ukaona kuku, ukarudi ukasema. Ndivyo mtu anavyotakiwa kuujua wakati unapomponyoka: atazame nje, au amwamini aliyetazama. Ulikuwa na miaka kumi na ulijua hivyo kuliko mimi. Hukusema "labda." Ulisema bado.

Niliona haifai nikwambie wewe peke yako, kwa kuwa wewe uliijua kweli hata kabla sijakunyang'anya. Wasioijua ni wao. Kwa hiyo leo, baada ya sala ya Alasiri, nilimwomba imamu ruhusa nikasimama mbele ya watu. Nilisema: siku ile ya Ramadhani, mwanangu Zuhura aliniambia mara tatu kwamba jua halijatua. Mimi nilikuwa mgonjwa na sikumwamini. Nikaadhini, kisha nikamsingizia. Nilisema jina lako kamili na la babu yako ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Mzee Shee, ambaye Mungu alimjalia akaifunga upya siku ile na nyingine nyingi, alikuwa safu ya kwanza. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Aliuliza, "Mwana alisema bado?"

"Alisema bado."

"Nami nikamwuliza kama hana mato." Akageukia sauti yangu. "Miaka saba, Bakari. Mwana amepita mlangoni kwangu miaka saba akiniamkia shikamoo." Kisha akaomba mtu amshike mkono, akatoka bila kuniaga.

Amekuja hapa. Ndiye aliyekaa mwisho wa baraza na hasemi na wale wa bendera. Amesema anakungojea urudi kutoka kwa shangazi yako, na kwamba anachotaka kukwambia atakwambia mwenyewe, mimi hakinihusu. Unaposoma haya treni ikienda, umeshayasikia, na mimi siyajui. Ni sawa.

Imamu naye amesema, kwa adabu, kwamba kuanzia Magharibi ya leo ataadhini mwingine mpaka wazee wakae waamue. Sikubisha. Nilikuwa nikidhani siku nikiipoteza kazi hii sitajua pa kuiweka mikono. Nimeiweka hapa kwenye karatasi.

Sasa namsikia kijana akikohoa kusafisha koo kule msikitini. Nakwenda kusimama safuni nyuma ya wengine. Kesho nitakupeleka stesheni na sitakuuliza lolote, na usiponitazama usoni nitafahamu kwa nini, hata kama barua hii itakuwa bado haijafunguliwa. Msamaha nautaka, sitajifanya siutaki, lakini usiuharakishe kwa ajili yangu. Ukihitaji mwaka, chukua mwaka. Ukihitaji zaidi, nitakuwa hapa Kisauni nashona.

Ulisema kweli, Zuhura. Sasa mtaa mzima unaijua.

Babako,
Bakari